Fundi Aliyekataa Kuziba Hita

Ukipeleka gari lenye hita iliyokwama kwenye moto, mafundi wengi wa Karatu watakufungulia boneti kabla hujamaliza kusalimia. Huyu ninayemsimulia alikuwa anafungua mlango wa abiria. Anaingia, anakaa, anapandisha vioo vyote, anakuambia uwashe injini, kisha anakunja mikono juu ya tumbo kama mtu aliyewahi ibada. Mnakaa hivyo ninyi wawili, mnaokwa. Jasho likianza kukutiririka ndipo anapouliza: "Haya, nieleze. Ilianza siku gani, na siku hiyo ulikuwa unatoka wapi?"

Katika kikao cha kwanza cha namna hiyo nilimchukia kabisa. Nilikuwa na haraka. Mimi ni dereva wa duka la dawa za mifugo, na bosi wangu, mama mmoja mfanyabiashara wa pale mjini, hunituma na chanjo za ng'ombe na mbuzi vijijini, na mara kwa mara kupitia Ngorongoro hadi Loliondo na Digodigo. Chanjo zinakaa kwenye maboksi ya barafu nyuma ya kiti changu. Kwa hiyo hita ikikwama, shida si jasho langu tu. Barafu ikiyeyuka njiani, nafika kwa wafugaji na vichupa vya uvuguvugu visivyofaa hata kumwagia maua, na wao wameshakusanya ng'ombe tangu alfajiri. Sasa hapo nimekaa na mzee aliyevaa sweta mbili, ananiuliza nilikula nini siku hita ilipoharibika.

"Ugali na mlenda," nilimjibu kwa hasira.

"Ulikula ndani ya gari?"

"Nje."

"Basi si makombo," alisema, akaendelea kukaa.

Kila mtu alimwita Fundi, na mimi sikuwahi kuhitaji jina lingine. Banda lake lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, upande wa barabara inayopanda kwenda geti la hifadhi, na alifanya kazi peke yake. Zile sweta mbili, ya kijivu ndani na ya kahawia juu, hakuzivua Januari wala Julai. Ukimwambia leo kuna baridi anakukatalia. Karatu hakuna baridi, alisema, baridi iko juu kule kwenye ukingo wa kreta, huku tuna hali ya hewa nzuri tu. Anasema hivyo huku amejikunyata na kikombe cha chai amekikumbatia kwa mikono miwili.

Alipomaliza maswali alitoka na kufungua boneti, na hapo pia hakushika spana. Kwanza alirudi kutazama geji ya joto, maana kuna madereva wanailaumu hita kumbe injini yenyewe inachemka. Geji ikiwa sawa, anakuambia usogeze kile kishikio cha kwenye dashibodi kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, taratibu, huku yeye ameinama anatazama koki ndogo inayoruhusu maji ya moto ya injini kuingia ndani kupasha hewa. Mkono wa koki ukicheza, waya ni mzima. Usipocheza, waya umechomoka au umekatika. Halafu anashika ile mipira miwili ya maji, mmoja kwa kila kiganja, kama mzazi anayepima homa ya watoto wawili kwa mpigo. Yote miwili ikiwa ya moto wakati umeshafunga, koki imegoma. Wa pili ukiwa wa baridi, koki haina kosa, na ubaya uko ndani ya dashibodi, kwenye kile kimlango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi.

Humo ndani ya dashibodi alishaokota mambo. Aliwahi kunionyesha kopo alilowekea hazina yake: penseli, kishikizo cha koti, maganda ya karanga, lozi moja, na kiota kizima cha panya kilichofumwa kwa tishu na nyuzi za kitenge. Mwenye gari la kiota alikuwa mwongoza watalii. Alikuwa amewaambia wageni wake kwamba joto lile ni huduma ya kampuni, na walimshukuru mpaka walipoteremka kreta saa sita mchana, vumbi likawazuia kufungua vioo, wakavua nguo mpaka wakabaki na za ndani. Fundi alipenda sana kisa hicho. Alikisimulia kwa uso mkavu, kisha anacheka peke yake baada ya wengine kumaliza kucheka.

Si kila mtu aliona hita iliyokwama kuwa ni shida, lakini. Wiki ile ya kwanza, kabla sijatengenezewa, nilimpa lifti mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa anasubiri kwenye baridi ya ukingoni, shuka limelowa umande. Alipoingia alifumba macho kwa raha, akanyoosha miguu. Nikamwomba radhi, nikamwambia gari ni bovu, nitalipeleka kwa fundi. Alifumbua jicho moja.

"Dada, usipeleke," akasema. "Hii ndiyo gari nzima. Zile nyingine ndiyo mbovu."

Nilipomsimulia Fundi, alisema yule mzee ana akili kuliko madereva wote wa Karatu, na akaniangalia.

Alikuwa na imani moja, kwamba gari halidanganyi. Anayedanganya ni dereva, tena kwa adabu, huku anasema shikamoo. Siku moja alikuja kijana mwenye gari safi akiapa kwamba hita ilikwama yenyewe tu, hakugusa kitu. Fundi akaingia, akapandisha vioo. Mimi nilikuwa nje nasubiri zamu yangu na niliwaona kupitia kioo, wamekaa kimya kama wachumba waliogombana. Dakika kumi. Ishirini. Mlango ukafunguka, kijana akatoka ameloa shingo yote, akakiri kwamba Jumapili alijifungia redio mpya mwenyewe. Waya wa hita ulikuwa umebanwa nyuma ya redio. Kazi yenyewe haikufika robo saa.

Adui yake mkubwa alikuwa maji. Huku kwetu dereva akiona rejeta imepungua anachota popote, mferejini, kwenye dimbwi, kwenye ndoo ya mama ntilie, na kulanti, ile dawa ya rejeta, anaiona ni anasa ya wenye mashirika. Maji hayo ndiyo yanayokula koki kwa kutu mpaka inagoma kufunga. Fundi anachovya kidole kwenye rejeta, anakitazama juani, anasema, "Hii umechota kwenye matope ya trekta," na mara nyingi alipatia. Kwangu alipatia. Nilikana mara mbili kabla ya kukubali.

Tulimtania kwamba ni fundi magari asiye na gari. Alitembea kwa miguu, au alipanda pikipiki akiwa amefumba macho kwa woga. "Daktari wa meno anang'oa ya kwake?" alijibu, nasi tukacheka, na ikawa ndiyo jibu lake kila mwaka. Hivyo ndivyo alivyokuwa: wewe atakuhoji mpaka chakula ulichokula, lakini umuulize yeye jambo moja la maisha yake, ataanza kutafuta spana aliyoishika mkononi. Alihubiri subira halafu aliungua ulimi kwa ugali kila siku, maana hakuweza kuungoja upoe. Na kitu kimoja hakukifanya, hata ulie. Hakuziba hita.

Kuziba hita ni kazi ya dakika tano. Unachomoa ile mipira miwili, unaiunganisha kwa kipande cha bomba, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kuingia ndani, na joto linakwisha. Mafundi wa Arusha wanafanya hivyo bila kukuuliza, wanasema hita ya nini Afrika. Ukimwomba Fundi, anafunga boneti yako polepole, anasema, "Nenda kwa mwingine," na siku hiyo hatakuongelesha tena. Wengi walidhani ni maringo. Na mimi nilidhani hivyo, ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Ilikuwa safari ya Loliondo. Koki iligoma tena, niko katikati ya vumbi, barafu inaanza kulia ndani ya maboksi. Nikasimama, nikafungua boneti, nikaungana na mafundi wa Arusha. Kipande cha bomba nilikipata kwa mtu wa baiskeli. Nikaunganisha, nikakaza klipu, na baada ya muda hewa ikatoka baridi. Chanjo zikafika salama. Nilijisifu kwa bosi wangu mpaka akaniambia inatosha.

Juma lililofuata yeye mwenyewe alitaka kwenda kuwaona wateja wake wa huko. Tuliondoka asubuhi, tukapita geti, tukaanza kupanda msituni, na ukungu ukatushukia kama kawaida ya kule juu. Nje kweupe, ndani tunapumua watu wawili, na kioo cha mbele kikaanza kufunga ukungu kwa ndani. Nikapeleka kishikio kwenye moto. Hewa baridi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kinachokausha kioo kwenye baridi ni hita hiyo hiyo niliyoiua. Nikafuta kwa kiganja. Bosi wangu akavua mtandio wake wa juu akafuta upande wake, akafuta na wangu, huku anaomba dua kwa sauti. Kulia kwetu kulikuwa na bonde, hatulioni, lakini tunalijua. Nilikuwa natambaa, kichwa kimetoka dirishani, nikaona giza mbele ya boneti. Nikakanyaga breki. Giza likageuza kichwa, likatutazama. Lilikuwa nyati.

"Mwanangu," bosi wangu alisema taratibu, nyati alipokwisha kuondoka zake, "sasa sisi tunasubiri jua. Hata likitoka kesho."

Tulisubiri mpaka ukungu ulipopanda. Jioni yake nilipeleka gari kwa Fundi, namchekesha na habari za nyati. Aliinama kwenye boneti akaona kile kipande cha bomba. Hakucheka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza alinieleza jambo lake bila kuulizwa.

Zamani alikuwa na gari. Pikapu, aliyoinunua kwa jasho la miaka. Aliyeliendesha alikuwa rafiki yake, mtu wa Buger, walikula sahani moja tangu ujana. Yeye anatengeneza, rafiki anaendesha, wanabeba mizigo na watu kupitia hifadhini. Siku moja hita ikakwama kwenye moto. Gari limejaa, abiria wanalalamika. Fundi akaziba. Kesho yake asubuhi, kwenye ukungu wa ukingoni, pikapu iliacha barabara ikalala bondeni kwenye miti. Hakufa mtu. Rafiki alivunjika mguu mahali pabaya, akarudi kwao Buger kulima, na hakuendesha tena.

"Mimi ndiye niliyemvunja mguu," Fundi alisema. "Kwa mikono hii. Dakika tano tu."

"Yeye alisemaje?"

"Sijui. Hatujaongea."

"Tangu lini?"

"Tangu hapo."

Nikamuuliza ni mwaka gani, nikahesabu. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini. Na Buger iko wilaya hii hii. Ukiondoka baada ya chai, chakula cha mchana unakula huko. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira pia, maana mtu anayeweza kumkalisha dereva kwenye joto mpaka akiri redio ameshindwaje kwenda kuuliza swali moja? Lakini ni mzee wangu, sikumwambia. Alitoa lile bomba, akaniwekea koki, na kile kipande akakitupa mbali kwenye nyasi, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Mvua za mwaka jana zilipokatika, nilipelekwa Buger na chanjo. Tulichanja uani kwa mkulima mmoja, majirani wakaleta mifugo yao. Mmoja wao alikuwa mzee mrefu anayechechemea, amemshika ndama kwa kamba na ndama ndiye anayemwendesha. Tulipomaliza niliwasha gari, joto likanipiga usoni. Koki yangu ilikuwa imechoka tena. Nikafungua boneti, nikamwomba mtu asogeze kishikio, nikainama, nikashika mipira yangu miwili. Yule mzee mrefu akasogea na fimbo yake.

"Nani amekufundisha kuuliza gari namna hiyo?"

"Fundi mmoja wa Karatu, mzee."

"Anavaa sweta mbili?"

"Ndiyo."

Aliutazama mkono wa koki muda mrefu, kana kwamba umeandikwa kitu. "Mwambie," alianza, halafu akaacha. "Basi. Usimwambie kitu. Msalimie tu."

Nilirudi Karatu nikaenda moja kwa moja bandani, nikasema nimepewa salamu, na za nani. Fundi aliendelea kufuta spana.

"Anatembea?"

"Anachechemea, lakini siku ile alikuwa anakimbizana na ndama."

"Nani alishinda?"

"Ndama."

Akafuta spana ile ile mpaka ikang'aa. Kisha akaniwekea koki mpya. Siku tatu baadaye akanipigia simu, yeye ambaye simu aliiogopa kama pikipiki. Koki mpya, alisema, haiaminiki mpaka ijaribiwe kwenye mlima. Nikamwambia keshokutwa napanda Ngorongoro, nitaijaribu. Akasema hapana, mlima ule haufai kwa jaribio, una geti, una wanyama. Upande wa Buger kuna mlima mzuri zaidi.

Nilimwomba bosi wangu ruhusa. Nilipomweleza sababu aliniambia nichukue gari siku nzima, na akafunga sukari na majani ya chai kwenye mfuko, nimpe Fundi ashike, kwa kuwa wanaume hawajui kwenda ugenini.

Fundi alikuwa amenyoa nywele. Juu ya sweta mbili alikuwa amevaa koti. Aliingia, akasema fungua moto tuone kama unakuja, nao ukaja vizuri. Nikasubiri aseme funga tuone kama unafunga. Hakusema. Jua kali, mashamba ya mahindi yamekauka tayari kuvunwa, watu njiani wako na fulana, na sisi tunakwenda na hita imefunguliwa mpaka mwisho, mfuko wa sukari magotini mwake. Nilipotaka kufunga mwenyewe aliniambia niache kwanza. Nikaelewa kwamba anatafuta cha kusingizia jasho lake, nikaacha.

Tulimkuta yule mzee uani kwake, amekaa kwenye kigoda anapiga maharage kwa fimbo. Fundi aliteremka, akafika kwenye madigadi ya mbele, akakwama hapo. Mzee aliinuka kwa shida. Walitazamana.

"Umenenepa," alisema mzee.

"Ni sweta."

Mzee akacheka kidogo. Fundi hakucheka. Aliuweka mfuko chini, akasimama wima kama mtu aliye mbele ya baraza.

"Nimekuja kukuambia jambo. Ile hita niliiziba mimi."

"Najua. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako."

"Kioo hakikukauka kwa sababu hiyo."

"Wewe ulitaka kutafuta waya," mzee alisema. "Umeshaanza kulala chini ya dashibodi. Nani alikuambia acha, ziba, abiria wanasubiri? Si mimi? Halafu nikaingia kwenye ukungu sioni kitu, nafuta kioo kwa kiwiko, watu wanasema simama, mimi nasema tutachelewa. Gari lako la pekee nikalitupa bondeni."

Fundi alimtazama. Nadhani alikuwa amesahau, au amejisahaulisha, sijui.

"Na ulikuja hospitali," mzee aliendelea, sauti imeshuka. "Ulisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilikuona, nikafumba macho. Nilijifanya nimelala mpaka ulipoondoka. Ningekuangaliaje? Gari huna tena."

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

Fundi alikaa juu ya gunia la maharage bila kukaribishwa. Mimi nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema, nikajifanya nakagua tairi. Nilisikia akisema, "Mjinga wewe," na yule mwingine akajibu, "Mjinga ni wewe, mwenye miguu miwili mizima na hukuja." Kisha ikawa kelele, wote wawili kwa pamoja, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw ambacho sikijui vizuri, vidole vinanyooshwa, fimbo inapigwa chini, nikaogopa kidogo. Nilipogeuka walikuwa wanacheka. Fundi alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa sweta.

Tukanywa chai kwa sukari ya bosi wangu. Wakaongea habari za watu nisiowajua, wengi wao marehemu, na za abiria aliyepanda na kondoo saba. Jua likaanza kuinama. Nilikuwa na chanjo za kupakia asubuhi, kwa hiyo niliinuka, nikamwambia Fundi nadhani twende. Alitazama gari, akatazama uwanja, akaokota fimbo ya mwenzake akaanza kupiga maharage.

"Tangulia, Dereva," alisema. "Koki ni nzima."

"Kesho nikufuate saa ngapi?"

Alifungua kinywa kujibu, lakini mwenye nyumba alimuwahi.

"Nani kasema kesho?"

Nikawasha gari, nikageuza.